Mstari wa Kijani Juu ya Kichwa cha Papa

Juzi darasani wenzangu walibishana kuhusu michezo ya vita, ile ya kwenye simu. Darasa letu siku hizi limejaa, kwa sababu ya waliokimbia vita ya mashariki wakaja Kindu na magodoro yao, na hao wageni wana michezo ambayo sisi hatujawahi kuiona. Mmoja alisifu picha, mwingine akasifu bunduki, mwingine akasema mchezo usiomtoa mtu jasho si mchezo. Halafu Fatuma wa benchi la nyuma akasema, "Mumuulize huyu. Mujomba yake njo alikuwa na mashini ya kwanza huku mtaani kwetu Mikelenge." Wote wakanigeukia. Mimi nikiangaliwa na watu zaidi ya wawili, ulimi unakauka. Nikasema sijui, nikainamia kitabu cha jiografia, kumbe nilikuwa nimekishika miguu juu.

Ninajua. Kuna mchezo mmoja wa vita ninaoujua kuliko ninavyojua jiografia. Lakini kuueleza ningelazimika kumtaja Papa, baba yangu, na mtu hamtoi Papa yake mbele ya darasa zima kama anavyotoa kalamu mfukoni. Kwa hiyo ninaandika hapa, mahali ninapoandika yote ambayo kinywa changu kinakataa.

Mujomba Asumani ni mdogo wa Mama. Alikuwa na chumba cha mbao kando ya barabara, ambako aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, akawatolea fotokopi, akawawekea vijana nyimbo kwenye simu. Juu ya bati alifunga pano za jua za kuleta umeme, na ndani, juu ya meza, palikuwa na kompyuta, sisi tuliiita mashini tu, yenye kioo kinene kama televisheni ya zamani. Ilipowaka, vumbi lililolala tumboni mwake lilipata joto, na chumba kikanuka kama pasi ya makaa inapopita juu ya shati kavu. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo mikono yangu inatafuta ukingo wa ile meza.

Mchana, kazi ikipungua, Mujomba aliwaachia vijana wa mtaa wacheze. Lakini hakuna mchezo uliowafikia kabla yeye hajaujaribu. Wasafiri walimletea michezo kwenye flashi kutoka Bukavu, naye aliikagua kama Mama anavyokagua mchele wa Kibombo: anatia kiganjani, anapuliza, anatafuna punje moja, halafu ndipo anaongea. Wa mpira aliukubali. Wa magari aliukubali. Ya vita aliikataa karibu yote. "Hii hapana," alisema. "Humu watu wasiokuwa na bunduki wamewekwa wauliwe tu." Vijana walinung'unika. Fiston, fundi wa baiskeli wa mlango wa pili, mtu wa maneno, alimwambia, "Mukubwa Asumani, wewe unataka vita ya namna gani? Ya mapadri?"

"Kama iko, ulete," Mujomba akajibu.

Siku moja ukaja ambao hakuukataa. Mambo yake yalikuwa kwenye nyota nyingine, katika miaka ambayo bado haijafika. Mchanga mwekundu kama wa barabara yetu wakati wa kiangazi, na juu angani miezi miwili. Kila kitu unakiona kutoka juu, kama kunguru anavyoona uwanja. Mwanzoni unapewa nyumba moja ya chuma iliyoshuka kutoka angani, na watu wachache waliovaa mavazi manene, kila mmoja na taa kwenye paji la uso. Unawatuma kwenye mawe ya buluu yaliyochomoza mchangani. Wanachimba, wanabeba, wanarudisha nyumbani, wanakwenda tena. Kwa mawe hayo unajenga kuta na minara, na baadaye mashini za vita zenye miguu sita kama buibui. Wala hamchezi kwa zamu kama kwenye dama. Wewe ukijenga ukuta huku, adui naye anajenga wake huko, saa ileile, ndani ya ukungu mweusi unaofunika kila mahali ambapo mtu wako hajakanyaga.

Ukungu ule ndio uzuri wa mchezo wenyewe. Nimeona mingine tangu wakati huo, yenye picha zinazong'aa kuliko ile, na hakuna uliofanya ukungu ukaogopesha hivyo. Mtu wako akiusogelea unafunguka kidogo mbele yake, akitoka unajifunga nyuma yake, na hujui tena kuna nini. Ubaya wake upo pia. Muziki ulikuwa mmoja, ukizunguka kama nzi. Sauti zote zilikuwa za Kiingereza na hakuna aliyezijua. Na adui alikuwa na akili moja tu, alikuja kwa njia ileile karibu kila mara, mpaka Fiston akasema huyo adui anakwenda sokoni. Lakini hayo ninayasema leo. Wakati ule nilikuwa wa darasa la pili, na mimi sikuona mchezo. Nilimuona Papa.

Papa alikuwa amekwenda mahali panapoitwa Kama kuchimba dhahabu. Mahali penyewe sikupajua. Nilijua tu kwamba unavuka mto mpaka Alunguli, halafu ni pori, pori, pori, na mwisho wake wanaume wanachimba na tochi kichwani. Papa aliondoka na tochi yake mpya, akaijaribisha mbele ya mlango, akanimulika usoni nikacheka. Kwa hiyo siku niliyoingia kwa Mujomba kumletea chakula, nikaona kwenye kioo wanaume wadogo wenye taa kichwani wakienda na kurudi, sikuhitaji mtu anieleze.

"Hawa ni nani?" nikauliza, kwa sababu mbele ya Mujomba peke yake niliweza kuongea.

"Hawa njo wachimbaji wangu, Mama." Nina jina la mama yake, marehemu, ndiyo maana mpaka leo ananiita Mama.

"Wa Kama?"

"Njo wale wale wa Kama," akasema, huku macho yake yakiwa kwenye ukuta aliokuwa anaujenga.

"Na Papa iko wapi?"

Akamgusa mmoja kwa mshale wa kipanya. Yule mtu akasema kitu kwa sauti nzito. "Huyu hapa. Ona, anapita wote kwa kazi."

"Anasema nini?"

"Anauliza kama unakwenda masomo."

Kwake ilikuwa mzaha wa kupitisha mchana. Mimi nilirudi nyumbani kama mtu aliyepewa siri ya serikali. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Nilikaa kwenye dumu la maji kando ya meza nikimwangalia Papa anavyokwenda na kurudi. Sikumwambia mtu. Nilijua Mama anamkumbuka sana, nikafikiri Mujomba atamwonyesha mwenyewe siku itakapofaa.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu. Kwetu mtu akiwa safarini, sahani yake haikosi. Mama anapakua ya msafiri kwanza, bugali na sombe yake ya majani ya muhogo, na mdogo wa nyumba ndiye anayeila kwa jina lake, ili mwenyewe asishikwe na njaa huko aliko. Mama aliikuta desturi hiyo kwa mama yake. Mdogo wa nyumba nilikuwa mimi. Kila jioni nilikula changu, kisha Mama akanisogezea sahani ya bati na kusema, "Kula ya Papa." Nikawa tumbo la Papa.

Na juu ya kichwa cha kila mchimbaji, kwenye mchezo ule, ulikuwepo mstari mdogo wa kijani. Vijana wote walijua kwamba ni uhai: ukipigwa unapungua, unageuka manjano, halafu mwekundu, halafu umekwisha. Mimi niliuelewa kwa namna yangu. Ulikuwa ni kushiba. Nilipokula vizuri jioni, kesho mstari wa Papa ulikuwa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilijisikia fahari ambayo sijaipata tena hata kwa pointi za mtihani. Siku moja buibui wa adui alipita karibu, mstari wa Papa ukawa manjano. Nikakumbuka kwamba jana yake nilikuwa na homa, nikaacha nusu ya sahani. Jioni ile nikaomba niongezewe ya Papa. Kesho pia. Mama akaniangalia tumbo, akaniangalia macho, akasema, "Huyu mutoto iko na minyoo," akaninywesha dawa chungu. Niliimeza bila kulia. Nilifikiri pengine na Papa inamfaa.

Mujomba, yeye, alicheza kwa namna iliyowachosha vijana. Alijenga ukuta kwanza, ndani yake akaweka wachimbaji, minara ikaangalia pande zote. Adui akija, alibonyeza wachimbaji wote wakaingia kwenye nyumba ya chuma, mlango ukafungwa, ndipo alipopigana. Ndiyo sababu aliupenda mchezo ule: ulikuwa na mlango. Kati ya michezo yote aliyoijaribu, ni huo tu uliokuwa na mahali pa kuwaficha wasio na bunduki. Ushindi ulimchukua mchana mzima, batri ikalia, na Fiston akasema, "Mukubwa, hii si vita. Hii ni kufuga kuku."

"Kuku wangu wako wote," Mujomba alijibu.

Mchana mmoja akawa na kazi nyingi, akamwachia Fiston kiti. Chumba kilikuwa kimejaa vijana hadi mlangoni. Fiston hakujenga ukuta. Alitengeneza buibui haraka, akawatuma kwenye ukungu, na adui akaja kwa njia nyingine, kwa mara ya kwanza, moja kwa moja nyumbani. Fiston hakuwa na kitu cha kumzuia. Nikaona mshale wake unachora mraba, unawakusanya wachimbaji wote, unawatuma mbele.

"Wakae mbele, wapigwe wao," akasema, "buibui wangu watakuwa wamerudi." Kumbe hiyo ni mbinu, wachezaji wote wanaijua. Mchimbaji hana bei.

Wakaenda. Hawakuwa na kitu mkononi isipokuwa vyuma vyao vya kuchimbia. Mstari wa kwanza ukawa mwekundu, ukatoweka, na mtu akatoweka nao. Wa pili. Nilimtafuta Papa katikati yao, nikamuona, manjano tayari, na mimi nilikuwa nimekula sahani yote.

"Fiston," nikasema, "mumurudishe Papa."

Chumba kizima kiligeuka. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu.

"Papa gani?" Fiston akauliza, mkono bado kwenye kipanya.

"Papa yangu. Huyo. Utamuua."

Kijana mmoja alicheka, wengine wakafuata. "Shemeki iko ndani ya mashini," mmoja akasema, akimwita Papa shemeji kama Mujomba anavyomwita, "kumbe njo maana simu yake haipiti." Fiston hakucheka. Aliniangalia mimi, akaangalia kioo, kisha akamwangalia Mujomba, kama mtu aliyevunja sahani kwenye nyumba ya watu. Mujomba aliacha karatasi zake, akaja, akazima kioo. Akasema tunafunga. Vijana wakatoka.

Alichuchumaa mbele ya lile dumu langu. "Mama, nani alikuambia Papa iko humu?"

"Wewe."

Akafuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa muzaha tu. Humu hakuna mutu. Ni picha, kama za kwenye kalenda. Papa iko Kama, Kama ya kweli, anachimba."

"Ulimuona?"

"Hapana."

"Nani alimuona?"

Akainuka, akaanza kupanga karatasi zake. Nilingoja, kwa sababu nilidhani anafikiri. Sasa ninajua kwamba swali langu lilikuwa swali la nyumba nzima, na kwamba wakubwa walikuwa wanalizunguka kama watu wanavyozunguka shimo. Tangu mavuno ya mpunga hakuna aliyekuwa amemuona Papa. Simu haikupita. Watu waliotoka Kama walisema machimbo yameporomoka, wengine wakasema si yale ya upande wake, wengine wakasema wenye silaha wamepita huko. Mama aliendelea kupakua sahani kila jioni. Sikujua kwamba alikuwa anapakua macho yakiwa mlangoni, kwa sababu mimi niliangalia sahani tu.

Jioni hiyo Mujomba alikuja kwetu, hakukaa kwenye kiti, akamwambia dada yake: "Yaya, kesho ninaenda Kama."

Mama alikuwa anasonga bugali. Hakuacha kusonga. "Kufanya nini?"

"Kumutafuta shemeki."

"Wakati wa vita wenye silaha walimuchukua Baba yetu abebe mizigo yao. Wewe ulikuwa mudogo, umesahau. Mimi niliona. Alisema atarudi kesho kutwa." Mwiko ukazunguka mara nyingine. "Bwana yangu ameenda huko huko. Sasa na wewe? Nitabaki na wanaume gani, Asumani? Wa kwenye picha?"

"Sijasahau, yaya."

"Basi kaa."

"Mutoto ameniuliza nani alimuona. Sikukuwa na la kumujibu."

Mama akaondoa sufuria motoni. Akaanza kumfungia bugali kwenye majani. Hivyo ndivyo nilivyopata habari za babu yangu, aliyechukuliwa asirudi, katika miaka ile ambayo mji ulizungukwa, treni ikakaa, chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Nimeongeza mengine baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu Mama hayasemi mfululizo. Lakini tangu jioni ile niliacha kumshangaa Mujomba anapokataa mchezo. Yeye alitafuta ndani ya kila vita ule mlango ambao Baba yake hakuupata.

Akaenda na pikipiki ya kuazima. Chumba cha mbao kikafungwa, na kesho yake jioni Mama akapakua sahani mbili za wasafiri. Aliziweka mbele yangu, akaniangalia kana kwamba anataka kuomba msamaha. Nilizila zote mbili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hakuna mtu ndani ya mashini, na niliamini. Lakini juu ya sahani hakuna aliyeniambia kitu. Tumbo liliniuma, nikalala kwa ubavu, nikaendelea jioni nyingine. Fiston alipita mara moja kutwa kuuliza habari. Alikuwa hacheki tena. Siku moja aliniletea ndizi, akasema, "Hii ni ya Papa yako," na nikaila mbele yake hadi mwisho, na yeye akasimama hapo hapo mpaka nikamaliza.

Walirudi mchana, wakati wa mvua ndogo. Tulisikia pikipiki, kisha sauti ya Mujomba, "Pole pole, shemeki." Papa alikuwa nyuma yake, mguu mmoja umefungwa vijiti na vitambaa, umenyooshwa kama mti. Jiwe lilimwangukia. Hakuweza kutembea, alilala kwa mama mmoja mzee wa kijiji jirani, na mtu aliyepewa ujumbe wa kutuletea alipita kwenye machimbo mengine, akausahau. Hakukuwa na vita, hakukuwa na maporomoko makubwa. Ilikuwa tu jiwe moja na mtu mmoja msahaulifu. Mama alimshika Papa uso kwa mikono miwili yenye unga, akamgombeza, na sikuelewa kwa nini anamgombeza mtu aliyerudi.

Mimi nilisimama mlangoni. Alikuwa mwembamba, na ndevu ambazo sikuzijua.

"Na wewe hunisalimii?" akauliza.

"Ulikuwa unashiba?"

Alimwangalia Mama, akamwangalia Mujomba, akaona hawacheki. Akafikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo ninampenda mpaka leo.

"Siku nyingi hapana," akasema. "Lakini jioni, nashangaa, njaa ilikuwa inapungua."

Mguu ulipopungua uvimbe, Mujomba alimbeba mpaka kwenye chumba cha mbao, akamketisha, mguu juu ya kreti ya bia. Alitaka Papa auone ule mchezo na atoe hukumu, kwa sababu, alisema, hapa hakuna mwingine aliyechimba kweli. Nadhani alitaka pia kusamehewa ule mzaha, lakini hakujua aseme vipi. Fiston alikuwepo, na vijana kadhaa. Papa aliangalia wachimbaji wakienda na kurudi, wakienda na kurudi.

"Hawaingii ndani ya shimo?" akauliza mwisho.

"Hapana. Mawe iko juu tu."

"Na mawe haianguki?"

"Haianguki, shemeki."

"Basi iko mahali pazuri."

Mujomba akamwekea mkono kwenye kipanya. "Sasa wewe njo shefu. Wape kazi."

Papa alijifunza haraka. Akagusa mmoja, akageuka. "Nikitaka asimame, nabonyeza wapi?" Mujomba akamwonyesha. Papa akamsimamisha. Akamgusa wa pili, naye akasimama. Akawafuata mmoja mmoja, kidole chake kikubwa kikitafuta ile herufi kila mara, mpaka wote wakawa wamesimama kwenye mchanga mwekundu, mikono imeshuka.

Fiston akashindwa kuvumilia. "Papa, adui iko nakuja. Bila mawe hautajenga kitu."

"Najua."

"Utashindwa."

"Najua, mutoto yangu," Papa akasema, akaondoa mkono kwenye kipanya na kuupumzisha juu ya goti. "Uwaache kwanza wapumuzike."